Burulkan Eje na Pete ya Alhamisi

Baada ya miaka thelathini na sita ya kupanga mabeseni, kufagia maji na kugonga mlango wa chumba cha mvuke, Bi Burulkan Derbisheva, mhudumu wa upande wa wanawake katika hamamu yetu, bafu la umma la mji wa Naryn huku milimani, anastaafu rasmi tarehe saba Machi 2023. Kesho yake ni Siku ya Wanawake. Meneja anasema hiyo ni bahati tu, tarehe zimeangukia hivyo. Sisi tunaojua mambo tunasema amestahili.

Mimi ni Kumush wa dirisha la tiketi. Nimeombwa niandike kurasa chache za programu ya sherehe, niwe mchangamfu, nisimlize mtu. Nitajaribu. Lakini nasema mapema: haya ninayoyaandika yananitia hofu. Kuna mtu mmoja amekaa safu ya mbele, ametoka kijijini na kofia yake nyeupe, ambaye bado hajui nitasema nini. Ruhusa ya kuandika ninayo. Ujasiri ndio unaokosekana.

Aliajiriwa mwaka 1987, msichana wa miaka ishirini na miwili, wakati vigae vya hamamu vilipokuwa vipya na kila mhudumu alipewa aproni mbili nyeupe. Miaka ya tisini makaa ya mawe yakaadimika, wenzake wakakimbilia kuuza soksi sokoni, yeye akabaki. Kuna msimu mmoja wa baridi hamamu iliwashwa siku moja tu kwa wiki, nayo ni Alhamisi. Wanaume waliitaka. Burulkan alisimama mbele ya mkurugenzi wa wakati ule, meno yakimgongana kwa woga, akasema wanawake wana watoto wa kuogesha. Baada ya hapo alikuwa anapita njia ya nyuma kwenda nyumbani, asikutane na mume wa mtu. Alhamisi hakuiachia, na mpaka leo ni siku ya wanawake.

Tunamwita Eje, yaani dada mkubwa, na hata wanaomzidi umri wanamwita hivyo. Na Eje wetu ni mwoga. Siandiki hivi kumtukana, mwenyewe atawaambia. Nimefanya kazi naye miaka ishirini na mitano, mwoga wa kumfikia sijamwona. Anaogopa mbwa, anaogopa ngazi, anaogopa kipande cha sabuni kilichoanguka sakafuni. Anaogopa pia kimya cha watu walio ndani ya mvuke. Ndiyo maana kila baada ya muda anagonga ule mlango wa mbao kwa ngumi na kupaza sauti: "Mko hai humo?" Nao wanamjibu kwa pamoja: "Tumekufa!" Wanacheka, lakini yeye haondoki mpaka azihesabu sauti. Siku moja sauti moja ilipungua. Aliingia na aproni yake na viatu vyake, akamburuta mama mmoja mnene kwa miguu mpaka penye hewa. Yule mama yu mzima mpaka leo, na bado analalamika kwamba alichubuliwa mgongo.

Katika miaka yake yote hakuna aliyefia kwenye mvuke wetu. Hiyo ndiyo rekodi yake, na nyie mnaocheka mkumbuke mlivyokuwa mnasinzia humo.

Hofu zake kubwa zaidi, hata hivyo, zilikuwa mbili. Ya kwanza ni boila, lile tangi la kuchemshia maji. Alikuwa ameshawishika kwamba siku moja ile boila itapasuka na kutupeleka sote juu ya milima, na Omurbek, mchochea makaa wetu, amekuwa akiapishwa karibu kila asubuhi kwamba ile mipira ya duara ya kuziba maungio ya mabomba imekaa sawasawa. Ya pili ni maneno ya watu. Mumewe alifariki mwaka 2003, na tangu hapo Eje aliishi kama mtu anayetembea juu ya barafu nyembamba. Fundi akija nyumbani kwake kutengeneza jiko, mlango aliuacha wazi hata theluji ikiingia sebuleni, mtu asije akasema. Akipewa lifti na mwanamume, anakaa nyuma kabisa na kutoa kichwa dirishani ili aonekane amekaa nyuma.

Kwa hiyo mnapolisoma hili linalofuata, mkumbuke ni nani aliyelifanya.

Ilikuwa Alhamisi ya Januari 2014, baridi ya kukata masikio. Walikuja Mama Sayrakan na mabinti zake wawili, pamoja na Begimay, mke wa mwanawe Ulan. Mama Sayrakan mnamjua. Amezaa watoto tisa, na akiingia hamamuni watu wanasogeza mabeseni yao bila kuombwa. Begimay alikuwa na miaka ishirini na saba na mabinti wawili wadogo. Kujifungua kwa yule wa pili nusura kummalize: kizazi kilichanika kwenye kovu la operesheni ya kwanza, akapoteza damu mpaka akaongezewa. Daktari Kalipa wa hospitalini hakuzunguka. Aliwaita yeye na mumewe akawaambia, "Mimba nyingine itamuua huyu. Mmenisikia?" Ulan alilia, akakubali. Lakini Ulan, anayepasua miamba migodini, hakuthubutu kumwambia mama yake.

Maana Mama Sayrakan alitaka mjukuu wa kiume, na kwake hospitali ilikuwa mahali pa kutishia watu tu. Alishasema, tena humuhumu mwetu, mbele ya kadamnasi na povu kichwani: "Sikukuu ya Nooruz ikifika mwezi wa tatu na tumbo halijaonekana, namrudisha kwao. Wajukuu zangu wanabaki kwangu." Hakuna aliyecheka siku ile. Begimay alikuwa anamsugua mgongo, na aliendelea kumsugua.

Basi akawa katikati ya hofu mbili. Akishika mimba, anakufa. Akijulikana anaizuia, ananyang'anywa watoto. Vidonge vingeonekana, kwa sababu Mama Sayrakan hupekua hata chini ya magodoro. Kitanzi Daktari Kalipa hakutaka kukiweka kwenye kizazi kilichoshonwa vile. Akampa pete. Si ya kidoleni. Ni duara la plastiki laini lisilo na rangi, unalibana kwa vidole viwili, unaliingiza mwenyewe ukeni, unalisahau. Linakaa wiki tatu, unalitoa, unapumzika wiki moja inayokuja hedhi, kisha unaweka jipya. Hakuna anayeliona, na sisi hatukuliona mpaka siku ile.

Kosa lilikuwa la kwetu, la watu wa huku. Kwetu kuoga si kujimwagia maji na kuondoka. Mtu anaingia kwenye mvuke, anatoka, anasuguliwa, anakunywa chai ya maziwa na chumvi, anasengenya, anarudi kwenye mvuke, na nusu ya siku imekwisha. Begimay alifikiri plastiki na moto ule haviwezi kupatana. Alifikiri itayeyuka humo ndani na dawa yote imwagike mara moja. Kuuliza aliona aibu. Kwa hiyo kila Alhamisi kabla ya kuingia kwenye mvuke aligeukia ukutani, akaitoa, akaificha kwenye chombo chake cha sabuni, chini ya sabuni. Alikuwa anairudisha mwisho kabisa, wakati mama mkwe na mawifi wanavaa. Alijiona mwangalifu sana, maskini.

Siku hiyo Burulkan Eje alipita kukusanya vipande vya sabuni. Akainua sabuni moja, akakuta chini yake duara la plastiki, safi, lenye maji. Akatazama juu kwenye bomba. Akatazama tena lile duara. Mnaweza kukisia alichofikiri.

Tulisikia ukelele tu. "Omurbek! Mpira wa boila umetoka! Yarabi, tunalipuka!" Akakimbia nalo mpaka chumba cha boila, akamtupia Omurbek mkononi, akarudi mbio akipiga mabeseni kwa ufagio. "Tokeni! Nyote! Acheni nguo!" Wanawake walitoka na mashuka na nywele zinazotona maji, wakasukumana kuelekea mlango wa nje, na nje palikuwa na baridi ya kugandisha kope. Mimi niliyekuwa nimewaletea chai nilikumbatia birika kama mtoto, sijui nilidhani nitaokoa nini nalo.

Hapo ndipo mlango wa huduma ulipofunguka kidogo. Omurbek ana heshima zake, haingii upande wa wanawake. Uliingia mkono wake tu, mweusi kwa makaa, na kwenye kidole cha shahada ilikuwa inaning'inia ile pete.

"Jamani," sauti yake ikasema nyuma ya mlango, "hii si yangu. Haikai kwenye bomba lolote, nimejaribu. Ni ya nani?"

Daktari Kalipa alikuwemo. Huja kila Alhamisi kama wengine, na wakati huo alikuwa na taulo na povu la shampuu kichwani. Aliona wanawake wenye nywele mbichi wako kizingitini, nusu wameshatoka, akapaza sauti ya wodini: "Rudini ndani, mtakufa kwa nimonia! Hakuna kinacholipuka! Hiyo si ya boila, ni pete ya kuzuia mimba!"

Kisha akauma midomo. Nadhani alikumbuka palepale ni nani aliyempa.

Watu walirudi ndani. Mama Sayrakan hakukaa. Alifunga shuka lake vizuri kifuani, akauliza polepole, "Ya kuzuia nini?"

Akapiga hatua moja mbele.

"Nani kati yetu anatembea na uchafu huo?" Akaanza kututazama mmoja mmoja, kuanzia mlangoni. Mabinti zake wakaanza kuapa kabla hawajaulizwa. Hata mimi nilijikuta naapa, na sikuwa na lolote la kuficha. Macho yake yalikuwa yanakuja taratibu upande wa benchi la dirishani, na kwenye benchi la dirishani alikuwa amekaa Begimay, ameshika chombo kitupu cha sabuni kwa mikono miwili, midomo imepauka. Kama angeulizwa asingeweza hata kusema uongo. Mimi nilimwona na sikuelewa. Burulkan Eje alimwona akaelewa.

"Ni yangu," alisema Burulkan Eje.

Mama Sayrakan akageuka. "Yako?"

"Yangu."

"Wewe? Mjane wa miaka kumi na moja? Ya nini?"

"Ya... kuvaa."

Hamamu nzima ikalipuka, ila si kwa boila. Kuna waliocheka mpaka wakakaa sakafuni. "Eje! Kumbe!" "Na sisi tunamhurumia!" "Mtaje basi!" Eje alisimama katikati na ufagio wake, shingo nyekundu, na akasema, "Simtaji." Mkono wa Omurbek ukaiangusha pete sakafuni, ukatoweka mlangoni kwa haraka kubwa, na haraka ile ilimletea Omurbek maneno ambayo mkewe hajayasahau mpaka leo. Omurbek, nakuomba radhi kwa niaba ya mji mzima. Hukuhusika na chochote.

Wakati wenzangu wanacheka, Daktari Kalipa alikuwa anamtazama Begimay. Halafu akamtazama Eje. Akajifuta povu usoni, akasema kwa ukali, "Nyamazeni. Huyu mtu ameitoa kwa sababu hajui, na kutojua kunaua. Burulkan, nisikilize vizuri."

"Nakusikiliza, daktari," alisema Eje.

"Kwanza, hii haiyeyuki. Mvuke uko nje ya ngozi yako, ndani ya mwili joto ni lilelile. Unaingia nayo hamamuni, unatoka nayo. Haipotei popote, maana mlango wa kizazi umefunga njia, haipandi moyoni wala tumboni. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Ina dawa mbili, homoni, mfano wa zile zinazotengenezwa na mwili wako wenyewe. Zinatoka kidogokidogo, zinapita kwenye ngozi laini ya ukeni, zinaingia kwenye damu. Zinauambia mwili usitoe yai. Yai lisipotoka, hakuna mimba. Na ule ute wa mlango wa kizazi unakuwa mzito, mbegu za mwanamume zinakwama. Lakini dawa haijilimbikizi. Ukiitoa, inaanza kuisha. Muda wa saa tatu ndio mwisho. Zaidi ya saa tatu nje, usiitegemee tena."

Nilimwona Begimay akifumba macho. Hesabu ya Alhamisi zake zote ilikuwa inapita kichwani mwake, nadhani, na kila moja ilikuwa ndefu kuliko saa tatu.

"Sasa niambie," alisema Daktari Kalipa, bado anamtazama Eje, "leo uliitoa saa ngapi?"

Eje akafungua mdomo, akaufunga. Angejuaje? Mama Sayrakan akainua nyusi.

"Eje alikuwa anapanga mabeseni sisi tulipofika," alisema Begimay kutoka benchi la dirishani. Sauti ilikuwa nyembamba. "Saa tano hivi. Nilimwona amegeukia ukutani."

"Saa tano," alisema Eje. "Ndiyo. Ukutani."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa imepita. Daktari Kalipa hakubadilisha uso. "Na hii ni wiki yake ya ngapi tangu uiweke?"

Hapo ndipo nilipodhani tumekwisha. Lakini Begimay alikuwa ameshasimama, amechukua birika mikononi mwangu, anamimina chai kwenye kikombe cha Eje. "Nikutilie vijiko viwili vya maziwa, Eje?" aliuliza. "Viwili, sivyo?"

"Viwili," alisema Eje. "Ya pili, daktari. Wiki ya pili."

"Basi ioshe kwa maji ya baridi, si ya moto, na uirudishe sasa hivi, leo hii. Na siku saba zijazo, mwanaume wako asikukaribie bila kondomu. Asikuambie eti mara moja tu. Na uje kwangu upimwe." Akanyamaza, kisha akaongeza, kwa wale wenye masikio: "Na kwa umri wako na presha yako hii, pete yenye dawa hizi nisingekupa hata kidogo. Mwenye kuganda damu, mwenye presha ya juu, mvuta sigara aliyepita miaka thelathini na mitano, hawa haiwafai. Tutazungumza, Burulkan."

Wanawake wakacheka tena kwa lile neno la mwanaume wako. Eje akachukua ile pete, akaiosha kwa maji ya baridi mbele ya watu wote, akaifunga kwenye kitambaa chake cha kusugulia. Halafu akasema, kama vile amechoshwa na maisha, "Begimay, wewe ndiye mdogo hapa. Njoo unisugue mgongo, nimetoka jasho la aibu." Kwetu mdogo humsugua mkubwa, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu. Wakaingia wawili kwenye kona ya mvuke. Walipotoka, kitambaa kilikuwa mkononi mwa Eje, kitupu.

Jioni ile Eje aliniambia yote aliyoelezwa na Begimay kwenye mvuke, kwa sababu hofu ile ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Alikaa juu ya beseni lililopinduliwa, hajiwezi. "Kumush, je, kama imeshaingia?" Alikuwa haulizi habari za jina lake. Alikuwa anauliza habari za mimba ya mtoto wa watu. "Zile Alhamisi za nyuma, Kumush. Kama imeshaingia?"

Tukaanza kungoja. Siwezi kuwaeleza tulivyongoja. Huku kwetu mwanamke aliye kwenye hedhi haji hamamuni, kila mtu anajua. Wiki ya kupumzisha pete ingeangukia Alhamisi ya pili baada ya ile. Begimay asipokuja, ni salama. Akija pamoja na mama mkwe wake, basi tumemzika. Siku hiyo Eje hakugusa chai. Alisimama nyuma ya dirisha langu, kidevu begani mwangu, na kila mlango ulipofunguliwa alinifinya mkono, nilikuwa na alama za kucha mwezi mzima. Akaingia binti wa kwanza wa Mama Sayrakan. Akaingia wa pili. Akaingia Mama Sayrakan mwenyewe, akapangusa theluji viatuni, akaufunga mlango.

"Tiketi tatu," alisema.

Nikauliza, "Na Begimay?"

"Haji leo. Mambo ya wanawake." Alisema kwa hasira, maana kwake ilikuwa habari mbaya. Burulkan Eje alikaa sakafuni nyuma ya meza ya tiketi na kulia kwenye aproni yake, na mimi nilikohoa kwa nguvu ili asisikike. Siku chache baadaye Daktari Kalipa alimpima Begimay na kuthibitisha. Hakuwa na kitu.

Ulan aliposikia kwamba mjane wa watu amebeba aibu ya mke wake, aliona haya. Kabla ya Nooruz alimwendea mama yake akamwambia kasoro ni yake, baridi ya migodini imemharibu. Hivyo Begimay hakurudishwa kwao. Ulan alilishwa mafuta ya mkia wa kondoo miaka mitatu, akapelekwa kwa kila mganga wa bonde hili, na alimeza yote bila kunung'unika. Nampa heshima yake.

Eje naye alilipa. Yeye aliyeogopa maneno ya watu aliishi nayo miaka tisa. Mzee mmoja mgane alituma washenga, na alipokataliwa akasema hataki makombo. Kaka yake Anarbay alishuka kutoka kijijini, hakuvua hata kofia, akasema, "Wewe si dada yangu," akapanda farasi wake. Hajaukanyaga mlango wake tangu siku ile. Na Mama Sayrakan ndiye aliyekuwa mbaya kuliko wote. Alikataa chai iliyomiminwa na Eje. Alimwita bibi harusi. "Bibi harusi, lete beseni." "Bibi harusi, mchumba hajambo?" Kila Alhamisi, miaka tisa. Eje alileta beseni. Mimi ningemmwagia kichwani.

Mwezi uliopita habari za kustaafu zilipotoka, Begimay alikuja dirishani kwangu. Ana miaka thelathini na sita sasa, mabinti zake wamemzidi urefu.

"Dada Kumush, nasikia wewe ndiye unayeandika. Andika yote. Na jina langu liwemo."

"Umerukwa na akili? Mama mkwe wako anasoma bila miwani."

"Eje anarudi kijijini kwa mama yao, nyumba iko ua mmoja na kaka yake. Ataishije pale na aibu yangu? Nitamwambia mama mwenyewe kwanza. Nikishindwa, usiandike."

Nakiri niliomba ashindwe. Nilimwogopea kana kwamba ni mwaka ule ule.

Alimwambia Jumapili, Mama Sayrakan akiwa anakanda unga. Alimwambia kila kitu, kuanzia kizazi kilivyochanika. Mama Sayrakan hakuacha kukanda. Alimaliza, akafunika unga, akapangusa mikono. "Ungekufa kweli?" aliuliza.

"Ningekufa, mama."

Akatoka nje bila koti, akasimama uani. Hakusema neno lingine siku ile wala kesho yake, na Begimay alifungasha nguo za mabinti zake kwenye mfuko, akaufichaficha, akangoja kufukuzwa.

Alhamisi Mama Sayrakan alikuja peke yake. Alinunua tiketi bila kunitazama. Akauliza, "Burulkan yuko wapi?" Hakusema bibi harusi. Nikamwambia yuko kwenye mvuke anafuta mabenchi. Akaingia, akafunga ule mlango wa mbao, na mimi nikaacha dirisha, watu wakiwa kwenye foleni, nikaenda kusimama nje ya mlango. Ana miaka sabini na minane, lakini mikono yake ni ile ile iliyolea watoto tisa.

"Lala kifudifudi," nilimsikia akisema.

"Mama, niko kazini..."

"Lala, mwanangu. Nikusugue mgongo."

Mnajua kwetu nani humsugua nani. Sikuwahi kusikia mkubwa akimsugua mdogo, na sidhani kama nitasikia tena. Kisha ikawa sauti ya kitambaa tu, inakwenda na kurudi, muda mrefu. Halafu hata hiyo ikakoma. Kimya. Nikashikwa na hofu yake yeye mwenyewe, ile hofu ya Eje, nikapiga mlango kwa ngumi. "Mko hai humo?"

Kisha zikaja sauti mbili, moja imekauka kwa uzee na nyingine imejaa machozi: "Tumekufa!"

Nikazihesabu, kama alivyonifundisha. Zilikuwa mbili.

Ndugu Anarbay, wewe wa safu ya mbele mwenye kofia nyeupe, sasa umesoma. Huyo ndiye dada yako. Farasi wako yuko nje, na mizigo ya dada yako ni masanduku mawili na birika.

Burulkan Eje, wafanyakazi wenzako tunakushukuru kwa kila ulipotuogopea. Uende salama, ulale usingizi mzito, na jiko la mama yako lisizimike. Alhamisi ukija mjini njoo kama mteja, keti kwenye mvuke mpaka uchoke. Mlango tutaugonga sisi.

Kumush, dirisha la tiketi